Siku 22 ku ukuta

Mwenye kutaka kujua watu wa muji wetu wanaogopa nini asianze na gazeti. Atembee kwa miguu mu Katuba, mu Kenya ao mu Ruashi, na asome kuta. «Parsele hii haiuzishwe.» Maneno haya yameandikwa na rangi nyekundu, herufi kubwa, pengine mara tatu ku ukuta mumoja, sababu mwenye nyumba anajua kama ndugu yake anaweza kutafuta munyunuzi kwa siri wakati yeye yuko safarini ao amelazwa hospitali. Mbele kidogo: marufuku kukojoa hapa, na amende yake. Ku salon ya kunyoa vichwa vinne vimechorwa, kila kimoja na nywele zake, unaonyesha kidole tu, unakaa. Ku buvette, chupa ya Simba yenye urefu wa mutu inamwaga povu. Hakuna profesa alikuja kutufundisha hii. Ni desturi: kitu unataka kila mutu ajue, unakiweka ku ukuta.

Na ukuta uko na nguvu yenye karatasi haina. Munyunuzi mwenye kupita mbele ya ile parsele hawezi kusema kesho kama hakujua. Alijua. Avenue yote ilijua. Ni hii nguvu ninataka tuzungumuzie leo, juu sisi watu wa sendika tumeiacha muda murefu mu mikono ya watu wa bia na watu wa parsele, na wafanyakazi wa mine ndio wanalipa bei.

Mimi ni delege wa sendika. Kampuni nyingi kubwa ziko na tablo ya matangazo, nzuri, na kioo mbele yake. Wanabandika pale masharti ya kazi, Kifaransa cha wajuristi, herufi ndogo sawa mbegu za lengalenga. Tablo yenyewe iko ndani ya lango, karibu na ofisi. Lakini wale wenye lazima kubwa ya kusoma, wafanyakazi wa siku kwa siku, ba-journalier, hawafikake pale. Wao wanasubiri inje, ku barabara, tangu saa kumi na nusu ya usiku, kapita akuje ahesabu vichwa. Nimeona mutu amefanya miaka ine na kila asubui anachukuliwa upya sawa vile ni siku yake ya kwanza. Siku mutu wa namna hii anavunjika mukono, wanamwambia: «Jana ulikuwa mutu wetu. Leo hatukujue.»

Mbele ya kusema kile tulifanya, nirudi nyuma kidogo. Kuko wenye wanafikiri kama kuchora ku kuta ili watu waamuke ni mambo ya ba-ONG, imekuja na ndege. Hapana. Iko ya hapa.

Mwaka 1926, Mubelgiji mumoja wa serikali ya koloni, Georges Thiry, alifika Bukama, hapa kwetu Katanga, akaona nyumba zimechorwa ku kuta inje: wanyama, watu, mambo ya kila siku. Mwenye kuchora aliitwa Albert Lubaki, na bibi yake Antoinette naye alikuwa anachora. Thiry aliwapa karatasi na rangi za maji. Picha zikapanda mashua, na mu 1929 zikaonyeshwa Bruxelles. Leo vitabu vya Ulaya vinasema kama ni pale sanaa ya kisasa ya Congo ya Wabelgiji ilianzia, ku karatasi. Mimi ninasema ilianzia ku ukuta wa udongo wa Bukama, na karatasi ilikuja kuichukua tu. Musomaji afikiri mwenyewe: siku ile picha zilitoka ku ukuta, nani alizipoteza? Si Lubaki, pengine yeye alipata franga na jina. Ni jirani yake mwenye kupita pale kila siku akienda kuteka maji.

Hadisi hii inarudia hapa Lubumbashi miaka makumi ine na kitu kisha. Wazee wetu wanakumbuka: miaka ya 1960 na 1970, hakukuwa nyumba ya mufanyakazi wa Gécamines bila picha mu salon. Wachoraji walikuwa wanatembea na picha mukononi, mulango kwa mulango, zimechorwa ku nguo ya magunia ya unga. Kulikuwa Mamba muntu, mwanamuke wa maji, nusu samaki, mwenye kuleta utajiri. Kulikuwa ile yenye kuitwa «Colonie belge»: mufungwa amelala chini, askari anamupiga fimbo, muzungu anasimama anaangalia na pipo yake, wamama wa wafungwa pembeni. Watu walipenda kuitundika juu ya meza ya kula! Muzungu mumoja mwenye kufundisha ku université yetu, Johannes Fabian, aliuliza watu: munapendea nini picha ya fimbo? Wakamujibu neno moja, akaliandika mu vitabu vyake: ukumbusho. Picha yenye kuwa nzuri ni ile yenye ukumbusho, yenye kukufanya ukumbuke mupaka uanze kufikiri. Ninaona Kifaransa hakina neno linalotosha kwa hii. «Souvenir» ni kile watalii wananunua ku uwanja wa ndege.

Kati ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu, mutoto wa muji huu, alizaliwa hapa mu 1947, alimuchorea ule Fabian historia yote ya inchi, picha zaidi ya 100, na kila moja aliieleza mu Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi, si kile cha kitabu. Ndani yake kuko mauaji yenye kila mufanyakazi wa mine anapaswa kujua. Mwezi wa 12 mwaka 1941, vita ya Ulaya imepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi weusi wa Union Minière wakasimamisha kazi kuomba nyongeza ya musharara. Tarehe 9 walikusanyika ku uwanja wa mupira. Gouverneur Maron alikuja na askari. Léonard Mpoyi alisimama kusema kwa ajili ya wengine, wakamupiga risasi, kisha wakapiga ndani ya watu. Hesabu ya wakubwa na hesabu ya wenye kuzika haikulingana. Mu masomo yangu ya sekondari, miaka sita, sikuambiwa hata sentensi moja juu ya Mpoyi. Tuliambiwa Leopold, Stanley, majina ya mito ya Ubelgiji. Jina la Mpoyi nililisikia kwa muzee mumoja wa fonderie, naye alilisikia kwa picha.

Tshibumba alipotea mwanzo wa miaka ya 1980, hakuna mwenye kujua alienda wapi. Picha zake za historia ziko Amsterdam, mu muzeo. Zimetunzwa vizuri, sikatae, ku nyumba zetu pengine mende na mvua zingekuwa zimezimaliza. Lakini kwenda kumuona Mpoyi, mutoto wa Kenya anahitaji viza.

Basi hapo njo mawazo yangu. Picha yenye kubebeka, itabebwa. Mwenye franga ataipeleka kwake. Ukuta haubebeke.

Kuko jambo ingine tulijifunza kwa mutu wa Kinshasa. Chéri Samba alianza kama sisi wote tunawaona, muchoraji wa mabango ya maduka. Mu 1975 alifungua atelier yake mwenyewe ku barabara, akatundika picha inje. Aliona watu wanapita, wanaangalia, wanaenda. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha, Kifaransa na Lingala, juu mwenye kusoma anabakia amesimama, na mwenye hajui kusoma anauliza mwenzake: hapo wanasema nini? Mabishano yanaanza. Mu 1988, wakati watu bado wanasema SIDA kwa sauti ya chini, alichora watu wanatembea barabarani kwa kampeni ya SIDA, na picha hiyo leo iko Paris ku Centre Pompidou. (Ndiyo, nayo ilienda. Munaona sasa.) Lakini mukumbuke ile njia: picha inasimamisha miguu, maneno yanafungua kinywa.

Nikuje sasa kwa ukuta wetu. Jina la kartie silitaje, mwenye ukuta aliomba hivyo, na jina la kampuni nalo silitaje.

Pale karibu na barabara ya mine kuko mama mumoja mujane mwenye kuuzisha bukari na maharagi. Mbele ya parsele yake njo ba-journalier wanasubiria. Ukuta wake uko mita nane, umepigwa simenti vizuri, bwana yake aliujenga mbele ya kufa. Ku huo ukuta yeye alikuwa ameandika tayari «Parsele hii haiuzishwe», sababu ndugu za bwana wanamusumbua. Tulimufuata na muzee mumoja wa sendika, tukamuamukia, tukakaa, tukaeleza. Mama alisikiliza mupaka mwisho, kisha akauliza:

– Sasa, batoto yangu, maneno yangu batayafunika?

– Hapana, mama. Tutayaacha.

– Kama banayaacha, muchore. Kama banayafunika, ata rangi moja isifike hapa.

Hiyo njo kontra tulifanya naye, na ninawaambia, ni kontra ya wazi kuliko mingi ya zile tunasoma ku kazi.

Rangi ilikuwa shida ya kwanza. Mutu wa kampuni, ule wa kazi ya mahusiano na wakaaji, alisikia habari, akatuita. Alikuwa na adabu, alitupa hata Fanta. Akasema kampuni inapenda sanaa, itatoa ndoo zote za rangi na kulipa muchoraji, mbili tu inaomba: alama yake ku pembe, na maneno «Zéro accident». Vijana wetu wamoja walitaka tukubali, rangi ni bei kali. Muzee wa sendika akawauliza: «Mara ya mwisho mulipita ku lango la kampuni, bango la usalama linasema nini?» Wakajibu: vaa kaski, vaa bote, mulinde mwenzako. «Linasema kaski ikipasuka nani anaileta ingine?» Kimya. Njo tofauti. Bango la kampuni linasema kazi ya mufanyakazi. Halisemi kazi ya kampuni. Na «Zéro accident», mimi naliogopa zaidi kuliko mabango mengine yote, sababu pahali wanahesabu sifuri kuna kapita mwenye kuficha kidonda ili sifuri isivunjike, na ajali yenye haikutangazwa ku CNSS, mugonjwa wake hana kitu.

Mwenye kulipa ukuta njo mwenye kuusemesha. Hii si ya kwetu tu. Marekani, mwaka 1932 na 1933, Mumeksiko Diego Rivera alichora wafanyakazi wa motokari ku kuta za nyumba ya sanaa ya Detroit, sehemu 27, na franga zilitoka kwa Edsel Ford, mutoto wa tajiri mwenyewe. Ile ilibakia mupaka leo. Lakini alipoenda New York kuchora ukuta wa Rockefeller na akaweka ndani uso wa Lenin, wakamwambia autoe. Akakataa. Wakamulipa franga zake zote, wakamutosha, wakafunika ukuta, na mu 1934 wakauvunja. Walimulipa yote, musikie vizuri, sababu ukuta ulikuwa wao.

Tulichanga. Kila mutu kile aliweza, mwingine franga 500, mwingine brosi. Ba-creuseur wawili wenye hawafanyi hata ku kampuni waliongeza, walisema watoto wao watakuwa ba-journalier. Tulipata rangi tatu, nyeupe, nyeusi na bulu, na nyekundu tuliipata kwa mama, ile ya «haiuzishwe» ilikuwa imebakia mu ndoo.

Muchoraji ni kijana wa salon za kunyoa na buvette. Mukono yake mwepesi sana. Alituletea mafikiri mu kaye: mwanaume mwenye misuli, minyororo inakatika, jua linatoka nyuma. Alifikiri tutafurahi. Ba-journalier waliangalia wakatikisa kichwa. Mumoja akasema: «Yaya, sisi hatuna minyororo. Sisi hatuna kontra.» Watu walicheka, lakini pale pale kazi ilibadilika. Tangu siku ile, kila jioni ya wiki mbili, muchoraji alikaa nao ku benchi ya mama, anauliza, anachora ku karatasi, wanakataa, anaanza upya. Ninasema hii kwa wale wa mashirika wenye kufika na mafikiri yao tayari yamechapishwa: muache. Ile jioni za ku benchi njo kazi yenyewe. Rangi ni ya kukausha tu kile watu walipatana.

Mabishano makali yalikuwa juu ya uso wa mukubwa. Mu karatasi moja, muchoraji alimuchora na macho ya Kichina na kofia. Wengine walipiga makofi. Nilisimama nikakataa, na muzee alinisaidia. Kampuni ndogo yenye inachukua watu barabarani, mwenye nayo ni Mukongomani, tunamujua, tunaabudu naye kanisani. Sheria ya 2017 juu ya sous-traitance ilisema hizi kampuni ziwe za Wakongomani, ni jambo nzuri, lakini fimbo mu mukono wa ndugu nayo inauma. Tukichora Muchina, ule wa kwetu anapita hapa asubui anacheka. Tena kartie itatupa mawe dukani kwa mutu mwenye kuuzisha balbu, mwenye hana kitu na mambo yetu. Tulibishana mupaka usiku. Mwisho mukubwa alichorwa bila uso: mukono moja tu, na saa, na kalamu juu ya kaye ya majina.

Na tulichora nini? Kaski 22. Mustari mbili za kumi na moja, kila kaski na namba yake, bulu ku ukuta mweupe. Kisha mutu amesimama, kaski ya 23 ku kichwa, karatasi mukononi. Chini yake, Kiswahili, herufi kubwa sawa zile za «haiuzishwe»:

UKIFANYA SIKU 22 NDANI YA MIEZI 2, NA WANAKUITA TENA MBELE MIEZI HIYO IISHE, UKO MUFANYAKAZI WA KONTRA BILA MWISHO. CODE DU TRAVAIL, ARTICLE 40.

Hii si mashairi ya sendika. Ni sheria ya inchi, namba 015/2002, ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002. Mutu mwenye kuchukuliwa siku kwa siku, akitimiza siku 22 mu miezi miwili na wakamuchukua tena ndani ya muda huo, sheria inamuhesabu sawa ana kontra ya muda bila mwisho, hata kama hakusaini kitu. Zaidi ya miaka makumi mbili sheria iko, na ku ule mustari wa asubui, kati ya watu karibu sitini, niliuliza nani anaijua. Mikono ine.

Kilichofuata, hakuna mumoja wetu alikipanga. Kisha siku chache, chini ya kaski, mistari midogo ya makala ilianza kuonekana. Mutu akirudia kazini jioni, anaokota kipande cha makala ku babula ya mama, anapiga mustari wake: kila mutu ana pahali pake, na alama yake, wengine herufi, wengine nyota, mumoja alijichorea samaki. Walikuwa wanahesabu siku zao. Ukuta ulikuwa umekuwa kaye. Mama alinung'unika juu ya uchafu, kisha naye akaanza kukumbusha wengine: «We wa samaki, leo haujapiga.»

Wakubwa nao wanasoma kuta. Mwezi haukuisha, watu walianza kuachwa. Siku ya 20, siku ya 21, kapita anaruka jina. «Wewe pumuzika kidogo, urudi kisha miezi miwili.» Kartie ikagawanyika. Mwanamuke mumoja alikuja kunitukana mbele ya watoto wangu: bwana yake alikuwa anakula kila siku, sasa ukuta wenu umemufukuzisha. Sikumujibu kitu. Mutu mwenye njaa ana haki ya kupandisha sauti. Lakini nilienda kuangalia ukuta vizuri, na kile niliona, hakuna karatasi ya sendika ingenionyesha: mistari ya watu 34, na karibu wote inasimama pahali pamoja, 20 ao 21. Mutu mumoja kuachwa siku ya 21 ni bahati mubaya. Watu 34 si bahati.

Tulipiga ukuta picha na telefone. Makala ku ukuta si ushahidi yenyewe peke yake, hivyo tulikaa tena ku benchi, tukaandika kila mutu: jina, tarehe, kapita gani, alibeba nini, nani alifanya naye. Tukaunganisha na picha, tukapeleka ku Inspection du travail, na nakala kwa kampuni kubwa, ile yenye lango, juu yeye njo mwenye mine, hawezi kunawa mikono na maji ya sous-traitant. Watu 9 waliitwa tena na walivuka siku ya 22, wako kazini, tunafuata karatasi zao. Wengine bado. Bwana ya ule mama mwenye kunitukana yuko kati ya wale wa bado, na ninapita kwake kila wiki, kwa sababu kupita ni jambo ningali ninaweza.

Usiku mumoja mu mwezi wa tano, mutu alimwaga mafuta ya vidanji juu ya ukuta, kaski zote za mustari wa juu zikawa nyeusi. Mafuta hayatoke na sabuni. Muchoraji alikwangua simenti na kisu, akapiga chokaa, akachora upya, siku mbili, bila kuomba franga. Maneno ya mama hawakuyagusa. Yeye anasema ni sababu hata mwizi ana parsele.

Wengi wananiuliza kama picha inatosha. Hapana, haitoshe, na mwenye kuwaambia inatosha anauzisha rangi. Bila delege wa kuandika majina, bila muzee wa kutuliza vijana, bila inspekta mwenye kufungua barua, kaski 22 ni mapambo. Lakini na sisi, miaka yote tulikuwa na delege, na muzee, na inspekta, na watu hawakujua namba moja yenye kuwahusu. Kikao cha sendika kinaita wenye kadi. Ukuta unaita mwenye kupita. Wamama wa soko, watoto wa masomo, madereva wa kamio, wote leo wanajua 22. Nilisikia watoto wanacheza kazi: mumoja ni kapita, anahesabu wenzake, akifika makumi mbili na mbili wanamuzunguka wanapiga kelele «Kontra! Kontra!»

Sasa tuko na mafikiri ya ukuta wa pili, na huu utakuwa mugumu zaidi. Tunataka kuchora mukate. Code minier, tangu ilibadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, inasema vile redevance ya mine inakatwa: 50 ku mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa provense, 15 kwa komine, sekteri ao shefferi yenye mine inachimbwa, 10 kwa mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Vipande vine, mukate mumoja, mutoto wa sita primaire anaelewa. Wakaaji walichagua pahali wenyewe: ukuta wa inje wa biro ya komine, upande wa barabara, pale foleni ya karatasi inasimama. Wanataka kile kipande cha 15 kichorwe na nafasi nyeupe ndani yake, ili kila mwaka mukubwa wa komine aandike pale, na mukono wake, ni franga ngapi ziliingia na zilijenga nini.

Tuliandika barua. Bourgmestre alitupokea vizuri, akasema ni wazo nzuri sana kwa urembo wa muji, na akapendekeza tuchore maua.

Tulirudi kwake wiki jana, wamama walikuwa 11, na kati yao mama wa bukari. Alimwambia bourgmestre kama anaweza kuchora maua yake pembeni, nafasi iko, mradi asifunike mukate. Jibu linapaswa kutoka mbele ya mvua kuanza. Kisha mvua, simenti haikauke vizuri, na muchoraji ana salon tatu zinamungojea.